Tunaogopa homoni zisizokuwapo, dawa zilizopo hatuzisubiri

Majuzi nilialikwa kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani yetu hapa Kihonda, Manispaa ya Morogoro. Chakula kilipofika mezani, mzee mmoja niliyeketi naye alisukuma kando kipande cha kuku wa kisasa, akabaki na ubwabwa na maharage. "Mwanangu, hawa wana homoni. Mimi ni kuku wa kienyeji tu," aliniambia. Mama mmoja upande wa pili wa meza akamuunga mkono, akaongeza kuwa ndiyo maana siku hizi watoto wa kike wanavunja ungo wakiwa wadogo na wa kiume wanaota matiti. Meza nzima ikaitikia.

Sikutaka kubishana na mzee kwenye shughuli ya watu. Lakini kwa kuwa mimi ni mchumi wa kilimo niliyesomea hapa hapa Sokoine, na kwa kuwa niliwahi kuwafuga kuku hao kabla mtaji haujakata, naomba ndugu msomaji univumilie nimjibu leo kupitia ukurasa huu. Kuhusu homoni, mzee wangu amekosea. Kuhusu kuogopa hakukosea sana, isipokuwa anaogopa kitu ambacho hakimo, na kilichomo hakijui.

Tuanze na homoni. Kuku wa nyama anakua haraka kwa sababu ya uzao wake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada walichapisha matokeo ya jaribio rahisi kulieleza. Walichukua aina tatu za kuku: moja iliyotunzwa bila kuboreshwa tangu mwaka 1957, ya pili tangu 1978, na ya tatu ya kibiashara ya mwaka 2005. Wakawalea kwa namna moja na kuwalisha chakula kilekile. Walipofikisha siku 56, kuku wa 1957 alikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Hakuna aliyepewa homoni. Ni kazi ya kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi, kama babu zetu walivyochagua dume la kupanda. Aidha, homoni ya ukuaji ni protini. Ukiichanganya kwenye chakula inasagwa tumboni kama dagaa. Ingebidi umchome sindano kila kuku mara kwa mara, na mimi simfahamu mfugaji wa Kihonda mwenye muda wala fedha za kufanya hivyo.

Hata hivyo, uvumi huu una asili yake. Mwaka 1947 Marekani iliruhusu kidonge kidogo cha DES, homoni ya kike iliyotengenezwa maabara, kipachikwe chini ya ngozi ya shingo ya jogoo ili anenepe kama aliyehasiwa. Wafugaji wa minki, mnyama mdogo anayefugwa kwa ajili ya manyoya yake, wakawalisha wanyama wao vichwa na shingo za kuku hao, na minki wakaacha kuzaa. Mwaka 1959 DES ikaondolewa kwenye kuku, na mwaka 1979 ikaondolewa kwenye ng'ombe. Kwa hiyo hofu ya mzee ina umri mkubwa kuliko mimi. Ilivuka bahari ikachelewa kurudi kwao.

Sasa nije kwenye kilichomo.

Ingia duka la dawa za mifugo hapa mjini, useme vifaranga wako wanahara damu. Kuna uwezekano mkubwa utatoka na pakiti ya unga wa sulfa. Sulfa ni ukoo mkubwa wa dawa, na wasomaji wengi wameshazimeza. Septrini imo katika ukoo huo. SP, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini kuanzia mwaka 2001 hadi dawa mseto ilipoingia mwishoni mwa 2006, na ambayo mama wajawazito bado wanapewa kama kinga, ina sulfa ndani yake. Kwa mifugo zinazotumika sana ni sulfadimidini na ndugu yake sulfakwinoksalini. Ni dawa nzuri na za bei nafuu, na zimeokoa mabanda mengi. Sulfakwinoksalini ndiyo iliyofungua njia, mwaka 1948, ya kuchanganya dawa ya kuhara damu kwenye chakula cha kuku.

Lakini kabla hata ya mwaka huo, wanyama wa maabara walikuwa wamekwisha kutoa taarifa. Mwaka 1941, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Julia Mackenzie, Cosmo Mackenzie na E. V. McCollum walikuwa wakiwapa panya aina mojawapo ya sulfa. Shabaha yao ilikuwa bakteria wa tumboni. Habari za shingo hazikuwamo. Walipowapasua wakakuta tezi za shingoni zimevimba. Panya walikuwa wameota rovu. Waliandika habari hiyo katika jarida la Science mwaka huohuo. Miaka miwili baadaye, Edwin Astwood wa Boston akachukua dawa nyingine yenye kutenda kazi kama hiyo akaitumia kuwatibu watu ambao tezi zao zilikuwa zikifanya kazi kupita kiasi. Yaani madhara ya dawa kwa panya yakageuka kuwa tiba kwa binadamu, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza.

Utendaji wake si mgumu kuueleza. Tezi ya shingoni inatengeneza homoni zake kwa kutumia madini joto, yaleyale tunayowekewa kwenye chumvi. Ili madini hayo yageuke kuwa homoni inahitajika kimeng'enya fulani ndani ya tezi, na sulfa inakizuia kimeng'enya hicho. Homoni ikipungua kwenye damu, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inapiga kelele kuamuru tezi ya shingoni ijitahidi zaidi. Nayo inajitahidi, inakua, inavimba, na bado homoni haitoshi. Ukiondoa dawa mapema, mambo hurudi yalivyokuwa. Ukiendelea nayo miezi na miaka, panya hupata uvimbe mbaya zaidi. Mwaka 1988 Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Sumu cha Marekani, kilichoko Arkansas, kilitoa taarifa kuwa panya waliolishwa sulfadimidini kwa muda mrefu na kwa dozi kubwa waliota uvimbe katika tezi hiyo. Mwaka huohuo sulfadimidini ikakutwa kwenye maziwa yaliyokuwa yakiuzwa madukani nchini humo, na zogo likawa kubwa.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu namjua msomaji atakayeishia aya iliyopita na kwenda kutangaza sokoni kuwa mayai yana kansa. Hayana, kwa ushahidi uliopo. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilipitia tafiti hizo na kuiweka sulfadimidini katika kundi la vitu ambavyo haviwezi kuhesabiwa kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Sababu ni kwamba tezi ya panya ni nyepesi mno kushtuka. Nyani waliojaribiwa kwa dawa za ukoo huo hawakuonyesha mabadiliko kama ya panya, na mwanadamu yuko karibu zaidi na nyani. Mbwa, kwa upande wake, yuko karibu na panya katika jambo hili: akipewa sulfa kwa wiki kadhaa tezi yake hulegea.

Kama si kansa, basi tatizo liko wapi? Liko kwenye kiasi, na liko kwenye siku.

Mwaka 1994 kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani ilichukua dozi ambayo haikubadili tezi ya panya, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikaigawa kwa 100 ili kuwa na tahadhari. Likabaki fungu la maikrogramu 50 kwa kilo ya mtu kwa siku. Kutokana na hapo viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu maikrogramu 100 katika kilo ya nyama na maikrogramu 25 tu katika lita ya maziwa. Maikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Kwa hiyo gramu moja ya sulfadimidini, ambayo inakaa kwenye ncha ya kijiko cha chai, inatosha kuyafikisha maziwa lita 40,000 kwenye mpaka huo. Na kwa upande wa mayai, Umoja wa Ulaya hauruhusu kabisa sulfa kwa kuku ambao mayai yao yanaliwa.

Ndiyo maana kila pakiti ya dawa hizi ina mstari unaotaja siku za kusubiri: siku ngapi zipite tangu dozi ya mwisho mpaka mnyama achinjwe au maziwa yake yanywewe. Siku hizo zinatofautiana kwa dawa na kwa mnyama, kuanzia chache hadi wiki mbili na zaidi. Mtu akizisubiri, kinachobaki kwenye nyama ni kidogo mno, na mzee wa meza yetu angeweza kula paja lake kwa amani. Asiposubiri, hesabu yote ya wataalamu inakuwa karatasi tu.

Je, sisi wa Morogoro tunasubiri? Swali hili lilikwisha kuulizwa. Mwaka 2009 na 2010 watafiti wa Sokoine walichapisha tafiti mbili zilizofanyika ndani ya manispaa yetu, moja kuhusu kuku wa nyama na nyingine kuhusu mayai ya wafugaji wadogo. Kote wakakuta mabaki ya dawa za kuua vijidudu, na wakakuta kuwa wafugaji wanazitumia dawa hizo kwa wingi na kuuza bila kusubiri siku zilizowekwa. Tafiti hizo zilihusu dawa za aina mbalimbali, si sulfa peke yake. Zimekwisha pita zaidi ya miaka kumi na tano. Wafugaji wameongezeka, mji umefika mbali upande wa Kihonda na Mazimbu, soko kuu tumejengewa jipya, lakini sijaona kilichobadilika kwenye banda.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Baada ya kumaliza chuo, nikisubiri ajira, nilianza na vifaranga 300. Ilikuwa masika. Paa la banda lilikuwa linavuja kona moja, maranda yakalowa, na wakiwa na wiki ya tano nikaona damu kwenye kinyesi. Nilikimbilia dukani. Muuzaji akanipa pakiti, akaniambia vijiko vingapi kwa ndoo ya maji, siku tano. Kuhusu kusubiri hakusema neno, na mimi, msomi mzima, sikuuliza, ingawa mstari ulikuwapo kwa maandishi madogo ya Kiingereza upande wa chini wa pakiti. Siku ya tatu tangu nimalize dawa alikuja mnunuzi na matenga yake. Wiki hiyo nilikuwa nadaiwa chakula cha kuku. Nikauza wote. Kwa hiyo siandiki hapa kama malaika.

Ili msomaji aelewe kwa nini mtu anayejua bado anauza, tupige hesabu. Kuku wa nyama katika wiki ya sita anakula kama gramu 150 kwa siku, pengine zaidi. Kuku 300 ni kilo 45 kwa siku. Siku saba za kusubiri ni kilo 315, yaani mifuko sita ya kilo 50 na kidogo juu. Ni kweli kuku hao wataendelea kunenepa, na kwa macho ya mtaalamu wa lishe chakula hicho hakikupotea. Lakini hapa Morogoro kuku wa nyama ananunuliwa kwa kichwa zaidi kuliko kwa kilo. Mnunuzi anamnyanyua, anambonyeza kifua, anataja bei ileile ya wiki iliyopita. Uzito wa wiki ya ziada unakwenda kwa mnunuzi, na mifuko sita inabaki kwenye daftari la mfugaji. Ongeza siku saba ambazo banda halikupokea vifaranga wengine, na hatari ya wachache kufa kwa joto.

Kwa mayai ni vigumu zaidi. Mama mwenye kuku 200 wanaotaga kwa asilimia 80 anaokota mayai 160 kwa siku. Siku kumi ni mayai 1,600, trei 53. Mwambie azimwage. Atakutazama usoni, atakuuliza kama una watoto wanaosoma.

Mchumi wa Marekani George Akerlof, mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, alieleza zamani jambo hili kwa mfano wa magari yaliyotumika. Kama mnunuzi hawezi kutofautisha gari zima na bovu, atatoa bei ya katikati kwa yote, na mwenye gari zima ataona hasara, ataondoka sokoni. Kuku aliyesubiriwa siku saba na asiyesubiriwa wanafanana manyoya na ladha. Mabaki ya dawa hayana harufu. Soko haliwezi kumlipa mwaminifu kwa sababu halimwoni, na mwaminifu akikaa misimu miwili bila kulipwa anajifunza kuwa kama wengine. Kwa mtazamo wangu hili ni tatizo la bei kuliko la elimu. Semina tumefanya nyingi, posho zimelipwa, na watu wamerudi mabandani wakiwa wanajua na bado wanauza.

Kuna jambo moja ambalo wafugaji hawajaelezwa vya kutosha, nalo linagusa mfuko wao moja kwa moja. Kuku ndiye wa kwanza kuumia. Sulfa ikizidi dozi au ikizidi siku, inaingilia utengenezaji wa ganda la yai, mayai yanatoka na maganda membamba na utagaji unashuka. Inavuruga pia vitamini K, kuku anavuja damu kwa ndani. Na tezi ya shingoni ndiyo inayoongoza kasi ya mwili kutumia chakula, kukua na kuota manyoya. Mfugaji anayerudia dozi kila mwezi "kwa ajili ya kinga" ananunua dawa ili kumdumaza mnyama anayemlisha kwa gharama. Nimeona watu wakilaumu vifaranga au chakula kibovu, wakati pakiti iko dirishani.

Sasa tupande mlimani. Kule Mgeta, juu ya Mzumbe, katika vijiji vya akina Nyandira na Tchenzema, tangu miaka ya 1980 kuna mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, walioletwa kwa ushirikiano na chuo chetu cha Sokoine. Ni moja ya miradi michache ya aina hiyo ambayo wafadhili waliondoka na mbuzi wakabaki. Mjomba wangu anao wanne. Maziwa yanayobaki baada ya kuuza yanakwenda kwenye uji wa wajukuu.

Mbuzi akipata homa ya mapafu au kuhara, sulfadimidini hutumika. Dozi ya siku ya kwanza kwa mbuzi wa kilo 40 ni gramu nne au zaidi. Si yote inayoingia kwenye maziwa, lakini kumbuka lita 40,000 kwa gramu moja. Maziwa yaliyokamuliwa siku ya dawa yanaweza kuwa na miligramu kadhaa kwa lita. Mtoto wa kilo kumi fungu lake la siku nzima, kwa hesabu ya wale wataalamu wa 1994, ni nusu miligramu. Kikombe kimoja cha uji kinaweza kulimaliza na kupita. Siku moja haitamwotesha mtoto rovu. Lakini wapo watu ambao miili yao haipatani na sulfa, kama tulivyojifunza kwa uchungu enzi za SP, wengine ngozi ikibabuka. Na vijidudu vinavyozoea dozi ndogondogo ndivyo vinavyotusumbua baadaye hospitalini.

Kuna na suala la kabichi, ambalo nalitaja kwa sababu Mgeta ni nchi ya kabichi. Majani yake yakilishwa kwa wingi nayo huizuia tezi kupata madini joto, na mbuzi mwenye mimba aliyeshiba kabichi anaweza kuzaa kitoto chenye rovu. Udongo wa milimani, uliooshwa na mvua miaka na miaka, kwa kawaida hauna madini joto mengi. Mtu mwenye mbuzi mlimani, anayelisha mabaki ya bustani na kumpa sulfa mara kwa mara, anaibana tezi ileile kutoka pande tatu. Jiwe la chumvi lenye madini joto ni kitu kidogo cha kununua.

Nilipomweleza mjomba habari hizi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Nimekuelewa, mpwa wangu. Sasa hizo siku za kusubiri ananilipa nani?"

Sikuwa na jibu pale pale. Tangu hapo nimelifikiria swali lake.

La kwanza ni kupunguza haja ya kusubiri. Kwa kuhara damu ya kuku ipo amproliumu, dawa inayofanya kazi kwa njia nyingine kabisa, ambayo Marekani na Ulaya huruhusu nyama na mayai kuliwa bila siku za kusubiri ikitumika kama ilivyoelekezwa. Inapatikana madukani. Ikizidishwa inampunguzia kuku vitamini B1, kwa hiyo nayo si maji. Mnunuzi asome pakiti vizuri, maana nyingine zimechanganya amproliumu na sulfa pamoja, na hapo siku za kusubiri zinarudi. Na kabla ya dawa yoyote kuna maranda makavu. Kuhara damu kunataka unyevu. Paa langu lililovuja lingezibwa kwa fedha kidogo kuliko pakiti ile.

La pili ni maandishi. Tangu mwaka 2019 usajili wa dawa, za mifugo zikiwemo, uko chini ya TMDA, na usalama wa chakula uko TBS. Naomba TMDA itake kila pakiti ya dawa ya mifugo iandikwe siku za kusubiri kwa Kiswahili, kwa tarakimu kubwa, upande wa mbele, nyama peke yake, maziwa peke yake, mayai peke yake. Kama yai haliruhusiwi, pachorwe yai lililokatwa msalaba. Gharama yake ni wino.

La tatu ndilo la mjomba. Wanunuzi wakubwa wa mji huu, mahoteli, shule za bweni, vyuo, mabwana shughuli wa maharusi, wanunue kuku kwa kilo. Hilo peke yake linarudisha sehemu kubwa ya ile mifuko sita, kwa sababu wiki ya kusubiri inageuka kuwa wiki ya kuuza uzito. Kisha kikundi cha wafugaji, tuseme ishirini, kiingie mkataba na mnunuzi mmoja, kila shehena itolewe kuku wawili kwa bahati nasibu wapimwe. Maabara za kupima hatuna haja ya kuzitafuta Ulaya. Wataalamu waliotuambia habari za 2009 na 2010 wako hapa hapa chini ya mlima. Fedha za kupima zinaweza kutoka kwenye tozo ndogo ya kila pakiti ya dawa hizi. Najua neno tozo halipendwi. Lakini kwa sasa anayesubiri ndiye anayelipa peke yake, na asiyesubiri anauza bure jina la wote.

Sijagusa dawa nyingine, na orodha ni ndefu. Nitaje moja tu, deksamethasoni, ambayo wengi huiita deksa. Nimesikia ikisifiwa kuwa "inaamsha mnyama". Ni kweli inamwamsha kwa muda. Lakini katika wanyama wa maabara ilikwisha onekana kuwa ikitumika mfululizo inazilaza tezi zilizo juu ya figo mpaka zinasinyaa, na kinga ya mwili inashuka. Mbuzi au ng'ombe mwenye mimba kubwa akichomwa deksa anaweza kutupa mimba. Hiyo si dawa ya mtu kujichomea mwenyewe kwa kuelekezwa na jirani. Aitwe bwana mifugo.

Mwezi huu nilipanda tena Nyandira. Mbuzi mmoja alikuwa amefungwa shingoni kipande cha kanga nyekundu. Mjomba alinieleza kuwa amemaliza dozi siku nne zilizopita na kitambaa hakitoki mpaka siku za pakiti ziishe. Amezichora kwa mkaa nyuma ya mlango wa banda. Maziwa yake alikuwa akimpa mbwa mpaka nilipomwambia habari za mbwa na sulfa. Sasa anamwaga kwenye shimo la mboji kila asubuhi, huku akitaja kwa sauti bei ya lita.